Jinsi ya kupata hoteli ya bei nafuu mjini kama unatumia wilchea au kutembea ni shida

Hoteli za bei nafuu zipo kila mji mkubwa na vyumba vya wenye ulemavu navyo vipo, shida ni kuvikuta vyote sehemu moja, na ukishavikuta unagundua chumba ni rahisi kweli lakini kiko mbali na kila kitu na hela yote inaishia kwenye teksi. Kwa hiyo kabla hujafungua simu kutafuta, shika hili: bei ya chumba sio bei ya safari. Hesabu yako ni chumba, jumlisha usafiri wa kila siku kwenda na kurudi, jumlisha vifaa utakavyokodi, jumlisha chumba cha pili cha anayekusaidia kama hamtoshi kwenye kimoja. Ukipiga hesabu hiyo, hoteli nyingi zinazoonekana za bei ya chini zinapanda na zile zilizoonekana ghali kidogo zinashuka.

Mi nasafiri na mama yangu, anatumia wilchea muda mwingi na akishikwa anaweza kupiga hatua chache, kwa hiyo haya naandika kwa wote, wa wilchea ya kusukuma, wa ya umeme, wa magongo, wa fremu ya kutembelea, hata mzee ambaye anatembea vizuri tu ila ngazi haziwezi tena.

Hatua ya 1: jipime kabla hujapima hoteli

Chukua tepu. Pima upana wa wilchea kwa nje, yaani kutoka ringi ya kusukumia upande huu hadi ringi ya upande ule, usipime kiti cha kukalia maana hicho ni chembamba na kitakudanganya. Wilchea nyingi za kusukuma zinaangukia kati ya sentimita 60 na 70, na hapo vidole vya mikono bado vinataka nafasi pembeni. Pima urefu wake ukiwa umekaa na miguu iko kwenye vikanyagio, hii ndo itakwambia kama unaingia kwenye lifti na mlango ukafunga. Pima kimo kutoka sakafuni hadi pale unapokalia. Kama kiti ni cha umeme jua uzito wake ukiwa juu yake, lifti ndogo za majengo ya zamani zina kikomo na vile vijukwaa vya kupandishia wilchea kwenye ngazi chache navyo vina kikomo chake.

Ukimaliza hapo chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande mmoja andika vitu ambavyo bila hivyo hulali hapo kabisa, upande wa pili vitu ambavyo vikikosekana utavumilia. Tafadhali usiruke hii maana hapa ndipo bei inaposhuka. Mtu anayeweza kuvuka kizingiti cha shawa akiwa ameshika kitu hana haja ya kung'ang'ania chumba chenye shawa ya kuingia na wilchea, na vyumba hivyo ndo vichache kuliko vyote, kwa hiyo akiviacha anajifungulia hoteli nyingi zaidi na anawaachia wanaovihitaji. Kinyume chake mtu asiyeweza kabisa kusimama asikubali kuambiwa "utajitahidi", hapo hakuna kujitahidi, ni kuanguka bafuni ugenini.

Hatua ya 2: alama ya wilchea haitoshi, uliza sentimita

Hoteli zinaweka kile kialama cha wilchea kwenye websaiti na kila moja ina maana yake. Kuna ambayo inamaanisha kuna lifti. Kuna ambayo inamaanisha mlango wa mbele hauna ngazi lakini chooni huingii. Hoteli moja tulifika wakatuonyesha lifti kwa furaha kabisa, na kweli lifti ilikuwepo, ila kabla ya kuifikia kulikuwa na ngazi tano na hakuna aliyeona hiyo ni shida.

Kipimo cha kulinganishia unacho hata kama nchi unayoenda haina sheria kali. Viwango vya Marekani vya 2010, vilivyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990 (ile ADA), vinasema mlango ukifunguliwa ubaki na nafasi ya angalau sentimita 81 na nusu, kuwe na eneo la kugeuzia wilchea lenye kipenyo cha kama sentimita 152, kikalio cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni, na rampu isizidi mwinuko wa 1 kwa 12. Hiyo ya rampu maana yake ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji rampu ya karibu mita 2. Wakikutumia picha ya ubao umeegeshwa kwenye ngazi 3 hapo hamna rampu, hapo kuna hatari.

Kitanda watu wengi wanakisahau. Hoteli za siku hizi zinaweka godoro zito juu ya kitanda ambacho tayari kiko juu, vingine vinafika sentimita 60 na zaidi, na wilchea yako kikalio chake kiko kwenye 45 hadi 50 hivi, sasa unahamaje? Viwango nilivyotaja vinazungumzia nafasi ya pembeni ya kitanda, kama sentimita 76, lakini kimo cha kitanda havikutaja, kwa hiyo hata chumba kilichotimiza kila kitu kinaweza kukushinda hapo. Uliza. Hoteli nyingine zinaweza kutoa godoro la juu au kubadilisha kitanda wakiambiwa mapema. Na kama unatumia mashine ya kunyanyulia mtu uliza pia kama chini ya kitanda kuna uwazi, vingine ni boksi tupu hadi sakafuni na miguu ya mashine haipiti.

Halafu usiulize chumba kiko ghorofa ya ngapi ukadhani umeelewana nao. Marekani ghorofa ya kwanza ni ile ya chini kabisa, Uingereza ghorofa ya kwanza unaikuta ukishapanda. Uliza hivi: kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi, na kutoka chumbani hadi sehemu ya chai ya asubuhi ngazi ngapi.

Hatua ya 3: chagua mtaa kwanza, hoteli baadaye

Watu wanaanza na hoteli, mi nasema anza na usafiri. Angalia mji huo watu wa wilchea wanatembeaje. Washington stesheni zote za metro zina lifti, kwa hiyo hata ukilala nje kidogo ya mji ambako vyumba ni rahisi bado unaingia mjini bila teksi. London ni karibu theluthi moja tu ya stesheni za treni za chini ya ardhi unazoweza kufika bila ngazi, lakini mabasi yana rampu na zile teksi nyeusi nazo zinabeba wilchea na mtu juu yake. Paris metro ya zamani sehemu kubwa haina lifti, mstari wa 14 uliofunguliwa 1998 ndo ulijengwa na lifti, kwa hiyo hapo unatafuta hoteli karibu na mstari huo au unapanga maisha yako kwa basi. New York stesheni nyingi bado hazina lifti lakini mabasi yote yanachukua wilchea. Umeona? Hoteli ya bei nafuu inayosifiwa kuwa "dakika mbili kutoka metro" inaweza isikusaidie chochote, na ile ambayo iko mbele ya kituo cha basi ikawa dhahabu.

Kwa hiyo fungua ramani rasmi ya usafiri ya mji huo, tafuta stesheni zenye alama ya kufikika bila ngazi, chora duara la mita 400 au 500 kuzizunguka, tafuta hoteli humo tu. Google Maps inaweza kukupangia njia za kupita na wilchea kwenye baadhi ya miji, washa hiyo kwenye chaguo za usafiri. Kuna pia Wheelmap, ramani ya bure iliyoanzia Ujerumani 2010, watu wenyewe ndo wanaweka rangi, kijani unaingia, njano unaingia kwa shida, nyekundu usijisumbue.

Ukishapata mtaa ingia Street View, zile picha za barabara ndani ya Google Maps, utembee kwa macho kutoka kituoni hadi mlangoni. Angalia mlima, angalia mawe ya barabarani yale ya zamani ambayo yanatikisa wilchea hadi mgongo unauma, angalia kama kona za njia ya miguu zimeshushwa, angalia mlango wa hoteli una ngazi ngapi. Miji kama Lisbon na San Francisco ramani ya kawaida inakuonyesha mita 300 na moyo unafurahi, kumbe mita 300 hizo ni ukuta. Angalia tarehe ya picha pia maana nyingine ni za miaka mingi na jengo limeshabadilika.

Hatua ya 4: bei nafuu iko wapi hasa

Hoteli nzuri za zamani zenye mapambo na ngazi za mbao, ziache, hata zikiwa na ofa. Tafuta jengo jipya. Marekani majengo yaliyoanza kutumika baada ya tarehe 26 Januari 1993 yalitakiwa kujengwa kwa kufuata ADA tangu mwanzo, kwa hiyo moteli ya bei ya chini iliyojengwa baada ya hapo mara nyingi inakufaa kuliko hoteli ya kifahari ya miaka ya 1920. Nchi nyingine nazo ni vilevile, jengo jipya limejengwa chini ya kanuni mpya. Ndo maana hoteli za kampuni moja yenye matawi mengi, za bei ya kawaida, kama ibis, Premier Inn na Motel 6 ni pa kuanzia, hazina urembo ila zina mpangilio unaojirudia, ukijua chumba chao kimoja kilivyo unapata picha ya kingine, ingawa bado uliza maana kuna matawi yaliyo kwenye majengo ya zamani.

Halafu kuna mabweni ya vyuo vikuu. Wanafunzi wakienda likizo ndefu vyuo vingi vinakodisha vyumba kwa wasafiri, na mabweni mapya yana vyumba vya wanafunzi wenye ulemavu, shawa isiyo na kizingiti, milango mipana, kila kitu. Watu hawalijui hili kabisa. Andikia ofisi ya malazi ya chuo moja kwa moja uulize chumba hicho. Hosteli za vijana nazo siku hizi zinapokea watu wa umri wote na baadhi zina chumba cha binafsi chenye bafu lake kinachofikika, usizidharau kwa jina.

Na siku ni hela. Hoteli za watu wa biashara karibu na maofisi na viwanja vya maonyesho zinashuka bei Ijumaa hadi Jumapili, zile za watalii zinapanda siku hizohizo. Ukiweza kuhamisha safari yako kwa siku mbili tu unaweza kulala hoteli bora kwa hela ileile.

Hatua ya 5: tafuta kwenye apu, lakini usiishie kwenye apu

Apu kama Booking.com zina filta za hivi vitu, shawa ya kuingia na wilchea, choo chenye vyuma vya kushikilia, choo kilichoinuliwa, sinki lililoshushwa. Tumia filta kupunguza orodha tu. Filta ya hoteli nzima na filta ya chumba ni vitu viwili, hoteli inaweza kuwa na chumba kimoja chenye shawa hiyo na wewe ukauziwa kingine. Nenda kwenye maoni ya wageni utafute maneno kama wilchea, ngazi, lifti, kwa lugha ya wenyeji, programu ya kutafsiri itakusaidia, na angalia picha zilizopigwa na wageni kuliko za hoteli. Picha ya bafu iliyopigwa vibaya na mgeni inakwambia ukweli kuliko picha kumi za taa nzuri.

Ukibaki na hoteli 3 au 4, andikia hoteli yenyewe. Hii hapa meseji, ibadilishe uitume, itafsiri kama inabidi:

"Habari. Nataka chumba kuanzia tarehe … hadi …. Natumia wilchea yenye upana wa sentimita … na urefu wa sentimita …. Naomba mnijibu haya na mnitumie picha: mlango wa kuingilia hotelini una ngazi ngapi na kuna rampu? Mlango wa lifti una upana gani na ndani ina kina gani? Mlango wa chumba na mlango wa bafu, ukiwa wazi nafasi inayobaki ni sentimita ngapi? Ni shawa isiyo na kizingiti au ni hodhi la kulala ndani? Kuna kiti cha kuogea? Vyuma vya kushikilia viko upande gani wa choo, ukiwa umekaa? Kitanda kina kimo gani pamoja na godoro? Bei ya chumba hiki ni sawa na ya chumba cha kawaida?"

Swali la upande wa vyuma wengi hawaulizi. Mtu aliyepata kiharusi ana upande mmoja wenye nguvu, chuma kikiwa upande ule mwingine ni kama hakipo.

Jinsi watakavyojibu nayo ni jibu. Mhudumu anayechukua tepu akaenda kupima akarudi na picha, hoteli hiyo nakwambia utalala kwa amani. Anayejibu "ndiyo usijali kila kitu kiko sawa" bila namba hata moja, muulize tena mara moja, akirudia hivyo pita.

Hatua ya 6: kubuku na kulinda hela yako

Vyumba hivi ni vichache. Kwa viwango vya Marekani hoteli yenye vyumba 25 au pungufu inatakiwa kuwa na kimoja tu cha mtu wa wilchea, na hadi ufike vyumba 51 hakuna lazima ya kuwa hata na kimoja chenye shawa ya kuingia na wilchea. Kwa hiyo buku mapema sana, na chukua bei inayoruhusu kukansel bila malipo hata kama imezidi kidogo, maana wewe una sababu nyingi za kubadilisha kuliko msafiri mwingine. Endelea kuangalia bei, ikishuka kwenye hoteli hiyohiyo buku upya kwanza ndo ukansel ya zamani, usianze na kukansel.

Usikubali kutozwa zaidi kwa sababu chumba kina vyuma vya kushikilia. Marekani hawaruhusiwi kuongeza bei kwa ajili ya hilo, Uingereza Sheria ya Usawa ya 2010 nayo hairuhusu gharama ya marekebisho kutupiwa mtu mwenye ulemavu. Wakikwambia chumba kinachokufaa kipo kwenye daraja la juu tu, omba upewe kwa bei ya chumba cha kawaida, omba kwa adabu lakini omba kweli. Nchi ambazo hazina sheria hiyo meneja bado anaweza kukubali, hasa msimu ukiwa mdogo.

Kuhusu anayekusaidia, omba kitanda cha pili ndani ya chumba hichohicho. Vyumba vingi vya wenye ulemavu vinawekwa kitanda kimoja kikubwa, na kitanda cha kukunjua kikiingia kinaweza kula nafasi yote ya kugeuzia, kwa hiyo uliza vitanda viwili tangu mwanzo au vyumba viwili vyenye mlango katikati kwa bei moja.

Vifaa navyo vinaokoa. Kuna miji mingi yenye maduka yanayokodisha kiti cha kuogea, kikalio cha kuinulia choo, hata mashine ya kunyanyulia, na wanaleta hotelini. Kukodi kiti cha kuogea kwa siku chache kunaweza kuwa rahisi kuliko kuhamia hoteli ya daraja la juu. Uliza hoteli kwanza, nyingine wana kiti stoo wala hawasemi mpaka waulizwe. Ila vile vyuma vya kubandika ukutani kwa kunyonya hewa usiviwekee uzito wa mwili wote, vinaachia.

Mwisho wa hatua hii, pata maandishi. Usitosheke na kile kisanduku cha "maombi maalum" kwenye apu, kile kinaitwa maombi na hakuna anayekuahidi. Unataka barua pepe kutoka hotelini inayosema chumba hiki, aina hii, tarehe hizi, kimehifadhiwa kwa jina lako. Marekani tangu tarehe 15 Machi 2012 hoteli zinatakiwa kukuhakikishia chumba kile ulichobuku na kukitoa kwenye mfumo asiuziwe mwingine, lakini mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo skrinshoti zote weka kwenye simu na nyingine mtumie ndugu.

Hatua ya 7: siku mbili kabla, na ukifika

Siku mbili kabla piga simu, ongea na risepsheni sio call senta, thibitisha chumba, uliza kama lifti inafanya kazi, uliza kama kuna ujenzi mlangoni. Angalia pia kama lifti za stesheni yako ziko sawa siku hiyo, miji mingi inaweka taarifa hizo kwenye websaiti ya usafiri. Kwa wa wilchea ya umeme, hakikisha chaja yako inakubali umeme wa nchi hiyo, volti 110 hadi 120 au 220 hadi 240, na beba adapta ya plagi.

Ukifika usiteremshe mizigo yote. Nenda chumbani kwanza na wilchea, ingia bafuni, funga mlango, geuka, sogea karibu na kitanda, washa maji. Kama sicho ulichoahidiwa rudi risepsheni uwaonyeshe barua pepe, uombe chumba sahihi au wakutafutie hoteli nyingine inayokufaa na wakupeleke kwa gharama yao, na usilipe kitu kabla ya hapo. Fanya hivi mchana, kwa hiyo panga kufika mchana, usiku wa manane meneja kalala na wewe umechoka utakubali chochote.

Uliza pia moto ukitokea unatokaje. Lifti hazitumiki moto ukiwaka, kwa hiyo omba chumba cha ghorofa ya chini kama kipo, waambie risepsheni kwamba huwezi ngazi waandike, na jua sehemu ya kusubiria msaada iko wapi kabla hujalala.

Na ukiwa bado pale, kabla ya kuondoka, pima mlango wa bafu, pima kitanda, piga picha ya choo na shawa na ngazi za mlangoni, uziweke kwenye maoni ya hoteli pamoja na namba ya chumba. Andika sentimita, usiandike "pazuri".